Mzee Aliyetupangia Watoto wa Novemba

Habari ilinifikia Jumapili nikitoka kanisani: mzee wetu wa likizo amefariki huko kwao Kalama, na tayari wameshamzika. Iliniuma kujua kwamba sikumsindikiza. Wasomaji wa safu hii mmezoea kuniona nikiwalilia wakubwa wenye misafara ya magari; leo nivumilieni nimlilie karani mmoja wa ofisi ya serikali mjini Machakos, ambaye kazi yake miaka ya tisini ilikuwa kuhesabu likizo za wafanyakazi, zikiwemo za akina mama waliojifungua. Hakuwa rafiki yangu hasa. Sikumbuki tukinywa chai pamoja. Lakini tangu Jumapili naketi na kikombe mkononi mpaka chai inapoa.

Kwa nyinyi mliozaliwa juzi, hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Mama aliyejifungua alipewa miezi miwili yenye mshahara kamili, kisha akapoteza likizo yake ya mwaka huo, kana kwamba kuzaa ni mapumziko ya kutosha. Aliyetunga jambo hilo simjui, ila nina hakika hakuwahi kunyonyesha. Basi wanawake wa ofisini wakatafuta njia. Ukijifungua Novemba, miezi yako miwili inaishia pale mwaka unapogeuka. Januari ikiingia una likizo ya mwaka mpya, unaiunganisha hapo hapo, na mtoto anapata wiki kadhaa zaidi za mama yake. Aliyetufundisha hesabu hiyo ni huyo mzee. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa tai na sweta hata jua likiwaka, mwenye haya kiasi kwamba neno mimba halikupita mdomoni mwake. Na bado kila msichana wa ofisi aliyeolewa aliitwa mezani kwake. Mimi, mpiga taipu, niliitwa wiki ile ile niliyorudi kutoka arusini, nikiwa bado nanukia keki.

“Mwaitu, kaa hapo kidogo,” aliniambia. Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, naye alituita hivyo hata kabla hatujazaa. Macho yake yalikuwa dirishani. “Mimi sitaki kujua mambo ya nyumba yenu. Lakini kama mnaweza ngoja, ngojeni mpaka mwezi wa pili.”

“Tungoje nini, Mzee?”

“Ai! Enda uulize wenzako,” alisema, uso umemwiva kwa haya.

Wenzangu walicheka mpaka mashine zote za taipu zikanyamaza. Walinieleza kwamba kila mmoja wao alishaketi kwenye kiti kile, na kwamba mgongoni kwake walimwita Baba Februari. Kila Novemba ofisi ilibaki nusu tupu, wakubwa wakanung'unika kwamba hakuna wa kuwapigia barua zao, wala hawakujua mambo yalianzia wapi.

Mimi na mume wangu tulitii. Mtoto wetu hakutii. Alikuja Septemba, wa miezi saba, kiumbe cha kubebwa kwa viganja, akawekwa kwenye chumba cha joto hospitalini. Akapata nimonia, akapona, akapungua tena, akaongezeka kidogo. Miezi yangu miwili iliisha nikiwa kwenye benchi la wodi, likizo ya mwaka imeshapotea, Januari bado iko mbali, na mume wangu hana kazi. Siku ya kurudi ofisini nilikwenda moja kwa moja kwa mzee kumwambia kwamba naacha kazi. Mtoto alikuwa amekataa kijiko, ananyonya tu. Ningeketi kwenye taipu kutwa nzima, angenifia. Nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, na chumba kizima kikasikia. Mzee alihesabu upya. Nilimwona akikunja vidole chini ya meza kama mtoto wa darasa la kwanza, akinitafutia japo wiki moja. Haikuwapo.

“Siku zimeisha, mwaitu. Hakuna pahali naweza toa zingine.” Kisha akauliza, “Huyo mtoto ananyonya saa ngapi?”

Nikamwambia.

“Basi usiache kazi. Kutoka leo barua za hospitali ni zako. Utapeleka asubuhi, upeleke saa nne, upeleke mchana tena. Na usiwe unakimbia kurudi.”

Hospitali ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka ofisini. Kabla ya siku hiyo, tarishi alizipeleka barua za huko zote kwa pamoja, tena kwa kujivuta. Sasa mzee alinigawia moja moja. Mkubwa wetu alipokuja kuuliza kwa nini mpiga taipu amegeuzwa tarishi, mzee alisimama, akafunga kifungo cha koti, akamjibu: “Barua za hospitali si mzuri zilale hapa, bwana.” Mtu asiyeweza kutamka mimba alisimama mbele ya bosi kwa ajili ya ziwa langu. Mwanangu alinyonya. Akatoka wodini kabla ya Krismasi, na leo ni mwanamume anayeinama akipita mlangoni mwangu. Nampenda mzee yule kwa hilo, na inanisikitisha kwamba sikumwambia waziwazi.

Miaka ya elfu mbili ilipokuwa ikiyoyoma, sheria mpya ya ajira ikaleta miezi mitatu, na likizo ya mwaka ikawa haiguswi. Nilikutana naye Mumbuni siku moja, nikamtania kwamba serikali imemnyang'anya kazi. “Wacha wazae mwezi wanataka,” alisema akicheka. “Mimi nilikuwa nimechoka kuonea maarusi haya.” Alifurahi kweli, nami nilifurahi. Siitamani sheria ya zamani hata kidogo. Ilitufanya tupange watoto kama watu wanaopanga kupanda mahindi. Ninachokitamani ni ile ofisi ambamo shida ya mtoto wa mwenzako ilikuwa pia shida yako.

Siku hizi likizo inaombwa kwenye kompyuta, siku zinajihesabu zenyewe, na hakuna anayehitaji kuona haya. Mwezi uliopita nilimkuta msichana mmoja wa ofisini kwetu amejifungia stoo, blauzi imelowa maziwa, analia. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi kazini. Hakuna aliyemuuliza lolote, kwa kuwa haki yake alikuwa amepewa yote. Nikawaita wenzangu wawili, tukakaa naye pale stoo, tukapiga simu nyumbani kwake, tukapanga nani atashika zamu yake ya mchana. Sheria ikishampa mama miezi yake mitatu, imemaliza kazi yake. Siku ya kwanza ya mwezi wa nne ni juu yetu sisi tunaoketi naye meza moja.