Wanzuki Ambayo Baba Hakuinywa

Baba yangu hakuwahi kuonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu kijiji kizima, huku njia ya Isikizya, kinasema vingine, na nikifa kimya hakuna wa kulisema.

Alikuwa mfuga nyuki na mzee wa kanisa. Asali yake aliwauzia watu wote, na ukiuza asali Unyamwezini huwezi kumzuia mnunuzi asiende kupika wanzuki, ile pombe yetu ya asali. Basi alipoanza kuyumba, nani angejisumbua kuuliza? Mwenye asali anapepesuka, kwisha habari!

Ilianza miguuni. Alitembea ameitanua, kama mtu aliyebeba ndoo mbili zilizojaa. Kisha ulimi ukawa mzito, maneno yakawa yanakatika vipande vipande. Akitaka kikombe, mkono unakipita, unarudi, na kadiri unavyokikaribia ndivyo unavyozidi kutetemeka. Jumapili moja, akiwapitishia waumini sinia la vikombe vya divai, likamponyoka. Watu wakacheka. Kanisani, jamani! Wiki ile ile wazee wenzake wakamtenga na meza ya Bwana.

Aliniita. Mimi ni mwalimu, na ndiye mtoto pekee niliyebaki nyumbani. "Mwanangu, ninuse mdomo," akasema. Nikainama, nikamnusa baba yangu mzazi. Ulinuka uji. Na bado moyoni nikajiambia, labda alikunywa jana. Sijisamehe kwa hilo.

Kwetu, aliyetengwa akifa bila kutubu mbele ya kanisa, mchungaji hamziki. Baba alizidi kudhoofika, nami nikaogopa aibu ya msiba kuliko nilivyoogopa uongo. Nikamwambia, "Baba, wewe tubu tu, yaishe." Alinitazama sana. Jumapili iliyofuata akasimama akishikilia benchi, akasema kwa ulimi wake ule kwamba yeye ni mlevi na anaomba msamaha. Wakaitikia amina. Alipokufa akazikwa na mchungaji, kwaya na kila kitu. Ila tangu siku ile ya kutubu hakuniita tena mwanangu.

Miaka michache baadaye mwandiko wangu ubaoni ukaanza kupanda na kushuka, wanafunzi wakawa wanatazamana. Nikaenda hospitali mjini Tabora. Daktari akaniambia nitembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Nikaiangukia meza yake. Akaniambia niguse pua, nikagusa shavu. Akanionyesha kisogoni: huku nyuma, chini, kuna ubongo mdogo, ndio unaoratibu mwendo, mikono, macho na ulimi. Huharibiwa na mengi, akasema: kiharusi, uvimbe, maambukizi, upungufu wa vitamini, dawa fulani, na ndiyo, pombe ya miaka mingi. Chanzo kingine kikiwahiwa, mtu hupata nafuu. Vipimo vilipokamilika, ugonjwa wangu ukaonekana ni wa kurithi, na huo hauna dawa ya kuuponya. Nina mazoezi ya kusimama na kutembea, mazoezi ya kutamka, fimbo, na onyo la kumeza polepole nisije nikapaliwa.

"Nani nyumbani alikuwa hivi?" daktari akauliza.

Nililia mpaka muuguzi akaja kufunga mlango.

Jumapili iliyopita nilikwenda kanisani na karatasi ya daktari ili nilisafishe jina la baba. Nikaomba nafasi, nikasimama pale pale aliposimama, nikishikilia benchi lile lile. Nilitaka kusema mambo mawili: kwamba hakuwa mlevi, na kwamba mimi ndiye niliyemtia uongo kinywani. Ulimi ukanigomea. Yakatoka mapande ya maneno, na karatasi ikanidondoka. Nyuma kule mtu akacheka. Mzee wa kanisa akaja, akaniokotea karatasi, akaikunja bila kuisoma, akanishika bega kwa upole kabisa.

"Mwalimu," akasema, "nenda ukalale kwanza. Utakuja kutubu siku ambayo hujanywa."