Ndara Zilizopanga Foleni

Juzi nikiwa kliniki ya kibinafsi hapa Garsen, aliingia mzee mmoja pekupeku, mkono umeshika goti.

Dada wa mapokezi akamuuliza, "Mzee wangu, ndara umeziacha wapi?"

"Ziko hospitali ya serikali, hapo ng'ambo ya barabara. Zinanishikia foleni tangu asubuhi. Kule ni nafuu, hapa ni haraka, nikaona nijigawe. Kumuona daktari ni ngapi?"

Akatajiwa bei. Akazitazama nyayo zake, akatoka, akavuka barabara.

Nilimfuata kwa udaku. Foleni ilikuwa imesonga, na waliokuwa nyuma wameshazisukuma ndara zake kwa miguu hadi ndani. Daktari, macho kwenye karatasi, alikuwa akiziuliza, "Unaumwa wapi?"

"Goti," mzee akajibu kutoka mlangoni.

Mimi nikarudi kliniki kulipa, viatu vyangu viko miguuni, havifanyi kazi yoyote.