Siku Niliyofungua Saa Tisa Mchana Ndia Kuu

Ramadhani iliyopita nilifungua saa tisa mchana. Hadharani, hapa Ndia Kuu, barabara ya mtaa wetu, watu wakiniangalia.

Sikuwa mgonjwa. Sikuwa msafiri. Nilishika dafu kwa mikono miwili, nikapiga fundo.

Ngojeni, msinitukane bado. Nianze mwanzo, na nikizunguka mnisamehe. Mimi ni babu wa watu, sikusoma sana, na maneno yangu yana vichochoro kama mtaa wetu.

Kazi yangu ni kusugua makasha ya mbao, yale ya kuwekea nguo za bibi harusi. Siku hizi wayanunua watalii. Mwenzangu ni Kahindi, Mgiriama wa Majengo. Yeye hupigilia misumari ya shaba. Tumekaa barza moja miaka na miaka. Yeye Mkristo, mimi Muislamu, na hatujagombana ila kwa mambo ya mpira.

Ramadhani Kahindi ana adabu yake. Ikifika adhuhuri huchukua mfuko wake, aniambia, "Yakhe, naenda kula," aende zake uani nisimuone akitafuna.

Mimi humwambia, "Kula hapa hapa bwana, kwani mimi mtoto nitokwe na mate?"

Hataki.

Siku hiyo joto lilikuwa la kukaanga watu. Kahindi akarudi kutoka uani saa nane na nusu, akaketi, akashika nyundo.

Nyundo ikaanguka.

Namuangalia, macho yamegeuka meupe yote. Mwili ukakaza kama ubao, akaporomoka kutoka barzani, puu! Akaanza kurusha mikono na miguu. Povu lamtoka.

Wallahi nilijua huyu ndiyo yuwafa.

Watu wakajaa, si unajua watu wetu.

"Mpeni kiatu anuse!"

"Mtieni ufunguo mkononi!"

"Kaa mbali nae mzee, povu lile laambukiza!"

Abdulbasit, jirani yangu muuza vinyago, akatoka dukani mbio na chupa ya zamzam, na kijiko.

"Mzee Shukri, mtie kijiko baina ya meno asiume ulimi, halafu mmiminie!"

Nikavishika.

Hapo nikamkumbuka Dama, binti yake Kahindi, auza vitunguu soko la Marikiti. Nikapekua mfuko wa Kahindi kutafuta simu. Kibati chake cha chakula kilikuwa kizito. Sikujali, nilikuwa natafuta simu.

"Dama! Babako ameanguka! Atoa povu!"

Sauti ikaja, imetulia kabisa.

"Ami, nisikilize. Mmemtia kitu mdomoni?"

"Bado. Nina kijiko na zamzam hapa."

"Tupa kijiko. Maji usimpe, hata zamzam, yatampalia. Msimkandamize. Ondoa nyundo na misumari karibu yake, mtie kitu laini kichwani. Akitulia mlaze ubavu. Tazama saa, Ami. Ikipita dakika tano mkimbizeni hospitali, msiningoje. Mimi naja."

Nikakunja shuka tunayofunikia makasha, nikamuwekea chini ya kichwa. Nikatazama saa. Sijawahi kuona mshale mzito vile.

"Kahindi, usiniache. We nawe usiniache."

Maana mke wangu alikuwa ameniacha mwezi wa Rajabu, nikamzika.

Kabla dakika hazijatimia, akalegea. Nikamlaza ubavu, akawa akoroma. Nikadhani hofu imekwisha.

Kumbe bado. Alipofumbua macho alinitazama kama ukuta.

"Kahindi, mimi nani?"

Akageuza macho kwenye makasha.

"Mimi nani, yakhe?"

Hanijibu! Rafiki yangu yuko pale na hayuko. Nikakaa chini kwenye vumbi, kando yake.

Dama akafika na tuktuk, dafu mkononi. Akampapasa babake kifua, akangoja, hakumharakisha. Akili ya mgonjwa ikawa yarudi polepole.

"Baba, waitwa nani?"

"Kahindi."

"Na huyu?"

Akanikodolea. "Shukri. Mpira hajui."

Watu wakacheka. Mimi nikalia.

"Sasa aweza kunywa," akasema Dama. "Akae kitako, fundo dogo dogo."

Midomo ya Kahindi ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Nikampelekea dafu.

Akafunga mdomo. Akageuza uso.

"Kunywa, ndugu yangu."

"Bado adhana."

Kahindi huyu? Aimbae kwaya kila Jumapili?

"Dama, akili imeharibika! Babako ndiyo basi tena!"

Dama akainamisha kichwa.

"Hajaharibika, Ami. Amefunga."

"Amefunga nini?"

"Ramadhani. Ana kifafa tangu ujana, na dawa yake humeza asubuhi na usiku. Jana nimevikuta vidonge vya asubuhi havijaguswa, na chakula chake chote kimerudi. Leo kaniapia atameza, atakula."

Nikakumbuka kile kibati kizito.

"Kwa nini, Kahindi?"

Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini nilimsikia.

"Ulisema."

Ndiyo, nilisema. Usiku wa mwezi kuandama, hapo hapo barzani, nilisema, "Mwaka huu naifunga peke yangu, nyumba nzima hakuna mtu." Kahindi alikuwa akipigilia msumari. Hakunijibu neno.

Kumbe alinijibu.

"Haya, saumu yako imenifikia. Kunywa."

"Wewe hunywi. Mimi ninywe vipi?"

Namuona ametoa jasho mpaka amepauka. Dama aniangalia mimi, asema kwa sauti ndogo, "Akikauka zaidi nahofia kifafa kitarudi, Ami."

Nikainua dafu.

"Mzee Shukri!" Abdulbasit akapiga ukelele. "Hata alasiri haijaadhiniwa!"

Nikapiga fundo. Likanishuka tamu, na machozi juu.

"Haya, nishafungua. Zamu yako."

Kahindi akanitazama sana. "Mjinga wewe," akasema.

Akanywa. Fundo, akapumua. Fundo, akapumua. Abdulbasit hakusema tena, alikuja akamshika mgongo asianguke.

Hospitali walimtundikia dripu, daktari akamgombeza kama mtoto. Joto, hana maji, hana dawa, hata kijana angeanguka.

Baada ya Idi nilifunga kulipa ile siku yangu. Kahindi alikuja akaketi mbele yangu na chupa kubwa ya maji, akawa agugumia huku anitazama machoni.

"Daktari amesema ninywe sana, yakhe."

"Kunywa, shetani we."

Siku hizi nyundo haiguswi asubuhi mpaka nione koo lake limemeza kidonge.

Wanangu, mtu akianguka kifafa msimtie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, tazameni saa, na maji yangoje mpaka alijue jina lake.

Na wewe uliye na rafiki akwambiae kila siku "naenda kula", siku moja mpokee mfuko wake, uinue hicho kibati mwenyewe.