Msemaji wa Kocha Melchior

Mimi ni fundi cherehani wa Biryogo, na kwa kushona siwezi kujisifu sana. Koti nikilishona mimi, mkono mmoja hupenda kuwa mrefu kuliko mwenzake. Lakini kwa mdomo, mwaka ule wa 1992, Kigali nzima haikuwa na wa kunifikia. Nalisema hilo bila haya kwa sababu ndilo lililoniponza.

Barazani pangu ndipo mashabiki wa timu yetu, Imparage, walipokusanyika kila jioni mpaka amri ya kutotembea usiku itutawanye. Vita ilikuwa kaskazini, vyama vya siasa vilikuwa vimejaa mjini na kofia zao, na mtu alifikiri mara mbili kabla ya kumuuliza jirani kwao ni wapi. Kocha peke yake ndiye tuliyeweza kumsema bila kugeuka kuangalia nani anasikia. Basi tulimsema. Timu nayo haikutunyima sababu: tangu Idi ilikuwa haijashinda mechi hata moja.

Kocha mwenyewe alikuwa Melchior, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mpole, mtu wa kuinamisha kichwa kila anapokusalimia. Upole wake ulituudhi kuliko magoli tuliyofungwa.

"Huyu iko mwarimu wa chaki," alisema Shami, muuza nyama, rafiki yangu. "Mupira hapana yake, sha."

"Chaki ni kitu kidogo," nikamjibu, nikasimamisha cherehani ili wote wasikie. "Mutu anashindwa kulinda goli moja dakika kumi, ukimupa bibi atamulinda namna gani?"

Walicheka mpaka Shami akashika ukuta. Hata mzee mmoja mtaratibu, aliyekuwa kwenye kona akingoja koti lake lipanuliwe kiunoni, alitabasamu. Alikuwa mteja mpya. Nilikijua kiuno chake, ukoo wake sikuujua.

Maneno yale yalitembea. Baada ya wiki moja niliyasikia sokoni Nyamirambo, yakiwa yametiwa chumvi ya kutosha, na nilijiona mkubwa. Tukakubaliana sasa twende kwa Melchior, tumwambie ana kwa ana kwamba aache timu. Aliyechaguliwa kusema, bila kupigiwa kura, ni mimi.

Kabla hatujaenda, akaja yeye. Nilikuwa peke yangu. Aliweka kitambaa cha suti juu ya meza, kijivu kizuri, akainamisha kichwa.

"Fundi Maneno, naoa. Ni binti wa Remera, anaitwa Uwera. Nataka unishonee suti."

Nikampongeza, nikachukua futi. Nilipokuwa nampima kifua akaongeza: "Na nataka uniombee mke. Mjomba wangu ndiye angekuwa msemaji, lakini yuko Byumba, huko kwenye vita, na barabara haipitiki. Sina mkubwa mwingine hapa mjini."

Asiyejua desturi ya kwetu ni lazima nimweleze. Siku ya gusaba, siku ya kuomba mchumba, bwana harusi hufunga mdomo. Anakaa tu. Msemaji wake ndiye anayepambana na msemaji wa upande wa msichana, ambaye kazi yake ni kutoa kasoro, kwa mzaha, mbele ya watu wote. Ukikasirika umeshindwa. Na lolote ambalo msemaji atalikubali, bwana harusi amelikubali.

"Lakini Mwalimu," nikasema, na futi ikaniteleza, "hujasikia ninayoyasema juu yako?"

"Nimeyasikia," akasema. "Unayasema vizuri."

Mtu wa heshima angekataa. Mimi nilisifiwa, nikakubali. Nilipowaambia wenzangu, waliniita msaliti mpaka nilipotaja pombe ya mtama. Hapo wakakubali wote kuwa wasindikizaji wa bwana harusi.

Tulikwenda Remera Jumamosi. Walikuwa wametandaza turubai uani, na juu ya mapaa ulionekana ukuta wa uwanja wa Amahoro. Nilikaa mbele na Fanta yangu, Melchior kando yangu ndani ya suti ya kijivu, mkono wa kushoto umemfunika nusu ya kiganja. Nilikuwa nimekariri mashairi ya kusifu ng'ombe. Nilikuwa tayari.

Ndipo akasimama msemaji wao. Jina lake Mzee Mutsinzi, baba mdogo wa Uwera. Alikuwa amevaa koti nililolipanua kiunoni mimi mwenyewe.

Kwa kawaida msemaji huanza na ukoo: huyu kijana ni wa nani, babu zake walitoka kilima gani. Mwaka ule maswali hayo yalikuwa na miiba. Nilimwona Mzee Mutsinzi akivuta pumzi, akiwatazama watu waliokaa pande zote mbili, akiyapita maswali hayo kama mtu anayeruka dimbwi. Nilimshukuru moyoni. Shukrani yangu haikudumu.

"Wageni wetu," akasema, "kuna fundi mmoja Biryogo, mtu mwenye akili sana. Yeye aliuliza swali ambalo na mimi naliuliza. Mtu anayeshindwa kulinda goli moja dakika kumi, ukimpa mke atamlinda namna gani?"

Ua mzima ulilipuka kwa kicheko. Shami, nyuma yangu, alijificha ndani ya kofia yake.

Nikasimama. "Mzee wangu, fundi huyo namfahamu. Hajui hata kulinganisha mikono ya koti. Mtamwaminije kwa mambo ya ulinzi?"

Walicheka tena, safari hii upande wangu. Mutsinzi hakukata tamaa. Aliyatoa maneno yangu moja baada ya jingine, na nilikuwa nimesema mengi. Kwamba Melchior hubadilisha wachezaji wakati watazamaji wameshaondoka. Kwamba mshambuliaji wake ana umri wa kupokea pensheni. Nilijibu yote. Nilijitukana mpaka nikakauka koo, na kila nilipojitukana tulisogea karibu na bibi harusi. Nilianza kufurahi.

Kisha baba wa Uwera akasimama mwenyewe, na hilo si kawaida. Hakucheka.

"Mzaha umetosha," akasema. "Jumapili tuliyofungwa, mwanangu alizomewa hapo sokoni mpaka akaacha kikapu. Walimuuliza swali hilo hilo mnalolichekea. Alilia siku mbili. Sina neno na kijana huyu, ni mtu mzuri. Lakini binti yangu sitamtoa akatukanwe kila Jumapili. Aache timu, nitampa mke leo. Asipoacha, chukueni pombe yenu."

Nikahisi Shami ananifinya mgongoni.

"Kubari," akanong'ona. "Kubari upesi, sha! Mungu ameturetea!"

Ilikuwa kweli. Jambo tulilolitafuta miezi mitatu lilikuwa limewekwa mbele yangu kwenye sinia, pamoja na harusi juu yake. Neno moja tu. Nilimtazama Melchior. Desturi ilimfunga mdomo, na hakuniangalia. Alikuwa ameshika ncha ya ule mkono mrefu wa koti, anaukunja na kuukunjua. Aliipenda timu ile mbovu. Alimpenda na Uwera. Na alikuwa amevitia vyote viwili mdomoni mwangu, mdomo huu huu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mzee," nikasema, "kocha haachi timu."

Shami alitoa sauti ya mtu aliyekanyagwa.

"Waliomzomea binti yako walikopa maneno kwangu. Mkitaka kumwondoa mtu, niondoeni mimi. Mechi zote nitakaa kando ya Uwera, na atakayemzomea atanijibu mimi kwanza."

Baba akaninyooshea kidole. "Na ukianza wewe?"

Watu walingoja. Mutsinzi aliinamisha shingo ili asikie vizuri. Nilitafuta jibu, kwa sababu mimi sijawahi kukosa jibu, si kwa mke wangu, si kwa mteja mwenye suruali iliyombana. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikasimama pale na Fanta mkononi, mbele ya ukoo mzima, bubu kabisa.

"Huyu sasa hasemi uongo," baba akasema, akaketi. "Mwiteni Uwera atoke."

Vigelegele vilipigwa. Melchior alinikumbatia, akaninong'oneza asante, na nilijisikia mtu mzuri kwa wiki nzima.

Jumapili iliyofuata tulicheza Amahoro. Nilikaa kando ya Uwera, mzito kama askari wa benki. Hadi mapumziko tulikuwa tumefungwa mawili. Nilikuwa nimeuma meno. Kipindi cha pili kilipoanza tu, Uwera akasimama, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamke wala mwanaume.

"Melchior! Toa huyo namba tano! Umelala? Mtoe, wewe gogo!"

Jukwaa zima liligeuka. Akaketi, akapanga kitenge chake, akaniangalia.

"Na wewe, muzee Maneno, mbona umenyamaza? Huoni?"

Tangu baba yake aniulize swali lile, nilikuwa nimejiapiza nisimseme kocha tena. Sikuwa na la kufanya ila kuangalia mpira, kitu ambacho, nikikumbuka vizuri, sikuwa nimekifanya kwa miaka mingi, maana muda wote nilikuwa nasema. Nikaangalia kwa makini. Namba tano alikimbia, akaukosa mpira, akasimama na kujishika kiuno. Sikuweza kujua kama kosa ni lake, au la beki wa kushoto, au la kocha.

"Sijui, dada," nikamwambia. "Kwa kweli sijui."