Butiki ya Istiklal

Ukifika Busia upande wa Uganda na huijui Butiki ya Istiklal, basi hujui kuvaa. Ndivyo mwenyewe, Alupo, alivyopenda kusema. Istiklal, aliwaeleza wateja, ndio mtaa wa fahari kule Istanbul, na yeye huenda huko kuchagua magauni kwa mkono wake. Kumbe alikuwa akipanda basi hadi Kampala, anajificha kwa dada yake, anainamia marobota ya mitumba, anafua, anapiga pasi, kisha anarudi akilalamika kwamba ndege imemvimbisha miguu.

Kila safari aliongeza chumvi. Mwishowe akasema Istiklal boda boda ni nyingi, na waendeshaji wote wamefunga tai. Watu wakaamini papo hapo, maana mtu wa Busia hawezi kuwaza mtaa wa maana usio na boda.

Ikawa Ritah wa Nagongera amechumbiwa, na mashangazi zake wanataka magauni ya sare kwa harusi. Oda kama hiyo Alupo alikuwa akiiota. Ila shangazi mkubwa, Proscovia, si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Jirani yake Sandra alikuwa ndio karudi kutoka Istanbul, alikokwenda kutafuta kazi. Proscovia akamshika mkono, akamleta dukani na mashangazi wote nyuma yao.

Alupo alipowaona, alijua yamekwisha. Oda imekwenda, na jina pia. Nani Busia atanunua tena kwake hata kitambaa cha kichwa?

"Sandra, wewe umekaa kule," Proscovia alisema. "Hii Istiklal iko namna gani? Boda iko?"

Sandra alimtazama Alupo, kisha mashangazi.

"Iko mingi, mama. Na wote navaa tai."

Mashangazi wakaanza kupimwa viuno. Alupo alishika futi huku ameduwaa, maana zile tai alizifunga yeye, kwa ulimi wake mwenyewe. Walipomaliza, akamvuta Sandra nyuma ya pazia.

"Mwanangu, boda uliona wapi?"

"Mama Proscovia aliniambia njiani vile ulisema." Sandra aliinamisha kichwa. "Mimi nilikuwa nashona jinzi chini ya nyumba, mlango nafungwa. Dirisha ilikuwa huko juu, naona viatu ya watu tu. Lakini nyumbani niliambia watu nauza kwa duka ya Istiklal. Usiniseme, mama."

Alupo aliona haya, na haya yenyewe ilimchoma kweli. Akampa blauzi nzuri kuliko zote, akamsindikiza hadi barabarani, machozi yakimlengalenga.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa duka, akiwasimulia wateja habari za viatu vya Istiklal, jinsi vinavyopita mbele ya madirisha na vumbi huoni.