Jedidah na Vidonge vya Veronicah

Jedidah wa Kianjokoma hanunui kitunguu bila kukinusa, na hata chai ya bure huchungulia kwanza kikombe cha jirani. Basi watafiti walipokuja kujaribu dawa ya magoti, wakaeleza kwamba nusu ya watu watapata dawa na nusu vidonge vitupu vinavyofanana nayo, yeye, alipokabidhiwa chupa yake, alijua papo hapo kwamba amepunjwa kwa kupewa vitupu.

Magoti hayo aliyahitaji Desemba. Wakwe wa bintiye wangekuja, na yeye ndiye angeongoza wimbo wa kuwapokea langoni. Kumwachia mwanamke mwingine? Afadhali atambae.

Jumapili moja akamwona jirani yake Veronicah, ambaye naye alikuwa kwenye utafiti, akiruka kwenye kwaya kama msichana. Kesho yake akamfuata shambani wakichuma chai.

"Veronicah, zako ndizo za ukweli. Tubadilishane chupa, mama."

"Na magoti yangu je?"

"Wewe hauna wageni."

Veronicah ni mpole kupita kiasi. Chupa zikapishana chini ya majani, ndani ya vikapu. Haikupita muda Jedidah akawa anashuka bondeni bila fimbo, na Desemba aliwachezesha wakwe langoni mpaka wakaomba maji.

Utafiti ulipokwisha, mtakwimu wao, kijana aitwaye Lennox, alikuja kuwakusanya na kumweleza kila mtu alichopangiwa. Veronicah: vidonge vitupu. Jedidah: dawa.

Jedidah aliona aibu mpaka masikioni. Akasimama, akasema yote. "Sasa nimekuharibia hesabu, kijana wangu?"

"Hapana, mama. Mtu mmoja anaweza kucheza kwa furaha tu, ndiyo maana tunatafuta wengi. Wewe utahesabiwa palepale tulipokupanga. Na kabla ya kuanza tuliongeza watu, kwa sababu hawakosekani wa kubadilishana."

"Mlinipigia hesabu kabla ya kunijua?"

"Ndiyo, mama."

Hilo lilimuuma kuliko aibu. Ujanja wake wote, kumbe ulishawekwa kwenye hesabu na mtoto wa juzi huko ofisini. Akaondoka bila kuaga.

Kwenye mteremko wa kwanza goti la kushoto likaanza kumuuma. La kulia likafuata. Akamwita Veronicah amsubiri, lakini Veronicah alikuwa ameshavuka mto, anapanda kilima akiimba.