Alikwenda Kumtunza Mwimbaji

Taabu yangu ilianza mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na moja, na tangu hapo sikukaa tena kwenye dawati. Nayataja haya mapema ili wasomaji wapya wa safu hii wasinitarajie maneno ya chuoni. Alhamisi iliyopita nilipigiwa simu kwamba amefariki mwanamke mmoja wa kwetu Unguja, mkaazi wa Croydon, huku London. Wengi wenu mlimjua kwa pilau lake la misibani. Mimi nilimjua kabla ya pilau. Na tangu simu ile sijatulia. Nakaa, nasimama, nafungua friji, naifunga sijatoa kitu.

Tulikuwa tukisafisha ukumbi mmoja wa maigizo katikati ya London, mimi na yeye. Onyesho lilikuwa lile lile la nyimbo, mwaka nenda mwaka rudi. Bango la mlangoni likichakaa linabandikwa jingine, picha ile ile. Tuliingia alfajiri, yeye na ndoo, mimi na mashine ya kuvuta vumbi, tukatoka kabla wenye ukumbi hawajafika. Kila kiti tulikijua, kipi kimelegea, kipi watu hubandika chingamu chini yake. Onyesho lenyewe, miaka sita, hatukuliona hata siku moja. "Shoga," alikuwa akiniambia, "sisi tunaosha sahani za karamu tusiyoalikwa." Siku moja akasema basi, inatosha, tununue tiketi kama watu. Mimi nikataka za juu kabisa, za bei rahisi. Akanicheka. "Huko juu nitakwenda Jumatatu na ufagio. Mie nakaa chini, mbele, nimwone mtu hadi meno."

Tukaenda Jumamosi, onyesho la mchana. Yeye kajitanda mtandio wa zari, kanukia udi behewa zima la treni. Mimi nimevaa koti la kijivu, maana nilikuwa na langu moyoni. Nilikuwa nimeomba usimamizi wa wasafishaji wa ukumbi ule, na jibu lilikuwa Jumatatu. Nina watoto watatu, mume hayupo, na kazi ile niliitaka kama mgonjwa anavyoutaka usingizi. Nikamwambia njiani, "Tafadhali, leo tusionekane." Akanijibu, "Bibie, sisi lini tumewahi kuonekana?"

Kipindi cha pili akatoka mwanamke mnene, mtumishi wa jikoni katika hadithi ile, akaimba peke yake. Kiingereza changu ni cha ndoo na sabuni, lakini wimbo ule niliufahamu. Anaimba kwamba miaka yote ameitwa kwa kengele, na katika nyumba nzima hakuna anayelijua jina lake. Nikasikia mwenzangu anavuta pumzi. Sasa, mnaojua taarabu mnajua. Kwetu wimbo ukikugusa hupigi makofi ukiwa umekaa. Unainuka, unakwenda mbele polepole kwa mdundo, noti mkononi, unamtunza mwimbaji, na ukumbi wote unaelewa kwamba neno lile ni lako. Mwenzangu akainuka. Nikamshika mtandio. "Kaa chini, unatuaibisha!" Akauchomoa mkononi mwangu, akapita kwenye magoti ya watu, akashuka njia ya katikati akijitikisa kidogo tu, kwa heshima zake, na noti ya pauni kumi juu kama bendera. Chini ya jukwaa kuna shimo la wapiga muziki, basi akasimama ukingoni, mkono kaunyoosha, anangoja mwimbaji aje apokee. Yule mwanamke aliendelea kuimba, macho yamemtoka. Watu nyuma yangu wakaanza kucheka.

Wakaja vijana wawili wa mlangoni wakamrudisha taratibu. Nyuma yao meneja wa zamu ya mchana, ambaye sisi wa alfajiri hatukupata kukutana naye. Akasimama mbele yangu akaniuliza kwa adabu, "Huyu mama yuko nawe?"

Nikasema hapana. Simjui.

Mwenzangu alinitazama muda wa kumeza mate. Kisha akamgeukia meneja, akamwambia kwa Kiingereza chake, "Kweli kabisa, hatujuani. Nilipitia magotini pake tu." Akanigeukia mimi, "Samahani bibie kwa usumbufu." Wakamtoa. Mimi nikabaki, nikakaa mpaka mwisho, nikapiga makofi na wengine.

Jumatatu nilipewa funguo za usimamizi. Yeye hakuja Jumatatu ile wala baada yake. Hakuna aliyemfukuza, maana hakuna aliyejua ni nani. Alikwenda Croydon, akaanza kupika. Tukikutana harusini, watu wakisema, "Si rafiki yako huyu?", alikuwa akipaza sauti, "Nani, huyu? Simjui, namwona tu mjini!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, mbavu zinaniuma kwa sababu nyingine. Hakumwambia mtu. Mara mbili nilimpigia simu nimwombe radhi, na mara zote mbili niliishia kuuliza bei ya mchele.

Ijumaa nilikuwa miongoni mwa tuliomwosha. Waswahili wamesema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Siku ile ilikuwa kinyume: aliyelala ndiye aliyeijua aibu ya mwosha. Binti yake, kazaliwa hapa hapa, alikuwa akinimiminia maji. Akaniuliza kwa Kiingereza, kama wanavyotujibu watoto wetu, "Shangazi, mama alikuwa akikutaja sana. Mlijuana vipi?" Nikamwambia, "Mimina, mwanangu, maji yasipoe."

Ndiyo maana naandika. Katika safu hii nimejisifu mara nyingi kwamba nimejijenga mwenyewe, bila shule, bila mume, bila serikali. Sikusema uongo kuhusu jasho. Lakini kila anayesema amejijenga mwenyewe, katika mji huu hasa, na ajiulize ni nani alisimama pembeni akakubali kutojulikana ili yeye apite. Tulikuja watu wa kutunzana hadharani. Tumejifunza hapa kukaa kimya kwenye viti vyetu, na tunauita ustaarabu. Sijutii kupanda cheo, watoto walikuwa na njaa. Najutia kwamba nilikuwa na miaka yote ile ya kusema namjua, na nikaulizia mchele. Anayekustahi usimngoje afe ndipo umtaje.

Binti yake anakisikia Kiswahili, ila hakisomi. Nimemwita aje kesho Jumapili, nimsomee haya kwa mdomo wangu kabla hamjayasoma nyinyi, kisha aniseme atakavyo. Na ajue pia nilichokipata tangu Jumatatu ile ya funguo. Nyumba ya vyumba vitatu Barking, deni limekwisha. Kampuni ya usafi, watu kumi na tisa. Magari mawili ya kazi. Kiwanja kwetu Fuoni, kimezungushiwa ukuta. Cherehani. Makabati mawili ya vyombo vya harusi. Na koti la kijivu, lile lile, bado ninalo.